Mbuzi wa Idd na Tikiti za Madrasa

Ndugu yetu mmoja mwenye duka la nguo katika mtaa wa Sogea, hapa Tunduma, ametuandikia barua ya adabu. Asema kuwa kila ikaribiapo Idd maduka hushindana kuita wateja, na wengine huvuka hata Nakonde kutafuta bei nafuu. Naye amewaza kwamba kila atakayenunua nguo kwake katika kumi la mwisho la Ramadhani ampe kipande cha karatasi chenye namba, kisha usiku wa kuamkia Idd ipigwe kura, na yule itakayetoka namba yake apewe mbuzi aliyenona. Auliza: Je, hiyo ni zawadi au ni kamari?

Kabla hatujaijibu barua hiyo ikatufikia nyingine, nayo yatoka kwa kamati ya madrasa moja katika wilaya ya Mbozi. Jengo lao limefika kwenye boriti, mvua zinakuja, na bati hazipo. Wanakusudia kuchapisha tikiti 500, kila moja Sh. 2,000, na atakayeshinda apewe baiskeli mpya. Wanatutaka tuwaunge mkono katika ukurasa huu, kwa hoja kuwa fedha zote zitakwenda katika nyumba ya kufundishia Qur'ani, basi haiwezi kuwa kamari.

Barua hizi mbili zafanana kwa sura: zote zina namba, zote zina kura, zote zina mshindi mmoja na wengi wasiopata. Nasi twadhani wasomaji wengi wakiulizwa watasema kuwa la madrasa ni halali kwa sababu ya nia yake, na la mwenye duka ni la shaka kwa sababu yeye atafuta faida. Hukumu tuionayo sisi ni kinyume cha hivyo, na inatupasa tueleze kwa nini.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Kupiga kura si haramu kwa nafsi yake. Katika Suratu Aal Imran imetajwa kura iliyopigwa kwa kalamu ili ajulikane nani atamlea Bibi Maryamu, na katika Suratus-Saffat imetajwa kura iliyomtokea Nabii Yunus, amani iwe juu yake, alipokuwa jahazini. Na katika Hadithi sahihi aliyoipokea Bibi Aisha (r.a.), Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze, na itakayemtokea ndiye afuatanaye naye. Kura ni njia ya kuchagua pale watu walipolingana haki. Basi mtu asiogope neno "kura" wala neno "namba", wala asidhani kuwa kila penye bahati pana kamari.

Kamari iko wapi? Iko katika fedha iliyoitangulia kura. Wanazuoni wameieleza kuwa ni mchezo ambao kila aliyeingia yu baina ya kupata na kukhasirika, na apatacho mmoja kimetoka katika mifuko ya wenziwe. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul-Maida zimeiweka pamoja na ulevi, na zikataja sababu zake: uadui na chuki baina ya watu, na kusahauliwa kwa Mwenyezi Mungu na kwa Sala. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua hukumu ya zawadi yoyote ya kura aulize maswali mawili tu. Kitu kile kinachoshindaniwa kimenunuliwa kwa fedha ya nani? Na yule asiyepata, ametoka na nini mkononi?

Sasa tuzipime tikiti za madrasa kwa maswali hayo. Tikiti 500 kwa Sh. 2,000 ni Sh. 1,000,000. Tuseme baiskeli ni Sh. 300,000. Zitabaki Sh. 700,000 za kununulia bati, na hilo ni jambo la kheri. Lakini baiskeli imenunuliwa kwa fedha ya nani? Kwa fedha ya hao hao 500. Na watu 499 wametoka na nini? Na kipande cha karatasi. Mmoja amepata kitu cha Sh. 300,000 kwa Sh. 2,000, na kila sehemu ya baiskeli hiyo, gurudumu na kengele na kiti chake, imetoka mfukoni mwa jirani yake aliyekosa. Hii ndiyo kamari yenyewe, haikupungua hata chembe, ila imevalishwa kanzu.

Ndugu zetu wa kamati watasema kuwa hao 499 wamekwisha kutoa sadaka, na thawabu yao haipotei. Twapenda kuamini hivyo, lakini jambo hili lina kipimo chepesi. Iondoeni baiskeli, kisha mzipitishe tikiti zile zile kwa bei ile ile, mwone ni wangapi watakaozinunua. Watakaonunua ndio watoao sadaka. Waliobaki walikuwa wakinunua nafasi ya baiskeli, na madrasa ilikuwa ni kisingizio chao.

Na hoja hii ya kuwa mapato ni ya kheri si ngeni. Ni ya kale kuliko Uislamu katika Bara Arabu, na ndiyo maana twaiogopa. Wafasiri wametueleza jinsi maisiri ya zama za ujahilia ilivyokuwa. Watu wakinunua ngamia kwa deni, wakamchinja, kisha wakaleta mishale 10 na kuitia katika mfuko. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu 1, wa pili mafungu 2, na hivyo hivyo hata wa saba wenye mafungu 7. Mishale 3 ilikuwa mitupu. Mtu mwaminifu akiutoa mshale mmoja mmoja na kutaja jina la mtu. Aliyetokewa na mshale wenye mafungu alipata nyama kwa kadiri yake, na aliyetokewa na mshale mtupu hakupata kitu, na juu yake ndiyo ikawa thamani ya ngamia. Je, washindi wakiifanya nini ile nyama? Walikuwa hawaili wenyewe! Wakiwagawia mafakiri, na wakijifakhiri kwa hilo katika mashairi yao, na asiyeingia mchezoni wakimsema kuwa ni bakhili.

Tazameni basi. Kulikuwa na msimamizi mwaminifu, kulikuwa na kura ya wazi, na nyama yote ikienda kwa maskini. Hata hivyo imeharimishwa. Na aya ya 219 ya Suratul-Baqara haikukana kuwa mna manufaa ndani yake, bali imesema kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Sisi hatuoni tofauti baina ya nyama ile ya maskini na bati hizi za madrasa. Kama nia njema ingetosha kuihalalisha kamari, basi ingemhalalishia yule mkarimu wa Kiarabu aliyewalisha wenye njaa wakati wa baridi kali.

Kijana mmoja hodari wa kusoma alipata kutukabili kwa kisa cha Sayyidna Abubakar (r.a.), aliyewekeana dau na washirikina wa Makka kuwa Warumi watawashinda Waajemi, kama ilivyobashiriwa mwanzo wa Suratur-Rum. Kisa hicho kimepokewa, nasi hatukikani. Lakini kuwekeana huko kulikuwa kabla ya kuharimishwa kamari, na madhehebu yetu ya Shafi hayakijengei hukumu. Kijana aliposikia hayo alicheka akasema alijaribu tu. Twampenda kwa hilo, maana afadhali ajaribu kwa sheikh kuliko kujaribu kwenye banda la kubashiri mpira.

Tena kuna jambo la Serikali ambalo kamati haikulitaja. Kuuza tikiti za bahati nasibu katika Tanzania Bara bila ya leseni ni kosa la kisheria, hata muuzaji akiwa ni madrasa, kanisa, skuli au chama cha mpira. Wazee wanaikumbuka Bahati Nasibu ya Taifa, na sheria za mwaka 1967 na mwaka 1974 zilizokuwa zikiyaongoza mambo haya. Sheria hizo ziliondolewa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo katika vitabu vya sheria sasa ni Sura ya 41, na kwa sheria hiyo ikaundwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bodi hiyo ndiyo itoayo leseni, ndiyo isimamiayo kura, na ndiyo maana katika kila kura kubwa inayotangazwa redioni husikia pametajwa mtu wa Bodi aliyekuwapo. Kwa hiyo tikiti hizi 500 zingeliwaingiza ndugu zetu katika makosa mawili kwa mara moja, moja kwa Mola wao na moja kwa Serikali yao.

Basi bati zipatikane vipi? Hatupendi kumwambia mtu "usifanye" kisha tukamwacha mvuani. Baiskeli ile, kamati imwombe mfanya biashara mmoja aitoe yeye kwa mali yake, bila ya tikiti yoyote. Kisha lifanyike shindano la kuhifadhi juzuu moja au mbili kwa watoto wa madrasa za Mbozi na Tunduma, na mtoto asitozwe hata senti ya kuingia. Katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, kinachosomwa na masheikh wetu wa Kishafi, mna mlango mzima wa mashindano, na asili yake ni Hadithi iliyotaja mishale, ngamia na farasi. Mlango huo wafundisha kuwa zawadi ikitolewa na mtu wa nje, au na mmoja tu wa wanaoshindana, hapana ubaya. Ubaya huingia pale wote wanapoweka mali ili mmoja wao aizoe. Wako wanazuoni waliolifunga jambo hili katika hayo matatu tu, na wako waliolipanua likaingia na elimu, kwa kuwa dini husimama kwa elimu kama ilivyosimama kwa farasi. Kwa kauli hii ya pili ndiyo yanayofanyika mashindano makubwa ya Qur'ani, kama yale yanayoandaliwa na taasisi ya Al-Hikma mjini Dar es Salaam katika Ramadhani, ambayo uwanja wa mpira hujaa watu waliokuja kusikiliza Qur'ani, na washindi hutoka na zawadi ambazo hawakuzichangia.

Siku ya shindano wazazi watakuja. Hapo ndipo mwenyekiti asimame aseme wazi kuwa jengo linahitaji bati kadhaa, na bati moja ni shilingi kadhaa, na kila nyumba itakayotaka iandikishe bati yake. Twawajua watu wa Mbozi. Msimu wa kahawa ukiwa mzuri hawashindwi kwa bati moja moja.

Sasa turudi kwa mwenye duka. Mbuzi wake amenunuliwa kwa fedha ya nani? Kwa yake mwenyewe. Na mteja asiyepata mbuzi ametoka na nini? Ametoka na kanzu yake au kanga yake, aliyoitaka na akailipa kwa bei yake. Hakukhasirika kitu. Kwa hiyo asili ya jambo lake ni zawadi, nayo yafaa.

Lakini si kwa vyovyote vile, na hapa wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz, Mufti wa Saudia aliyefariki mwaka 1999, aliyakataza mambo haya ya zawadi za maduka, akayahesabu kuwa yamo katika kamari, kwa kuwa humvuta mtu kununua asichohitaji kwa tamaa ya kushinda. Sheikh Muhammad bin Uthaimin, aliyefariki mwaka 2001, aliyaruhusu kwa masharti mawili: bei ya bidhaa iwe ile ile ya sokoni, isiongezwe kwa ajili ya zawadi, na mnunuzi awe anakihitaji kile anunuacho, si kwamba ananunua ili apate namba. Nalo Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Doha mwezi wa Januari mwaka 2003, liliona kuwa hapana kizuizi kwa wafanya biashara kutangaza bidhaa zao kwa zawadi, maadamu zawadi haikutokana na wanaoshindana, wala pasiwe na udanganyifu katika tangazo. Ni ajabu kuwa mwaka huo huo wa 2003 ndipo Bunge letu nalo lilipoitunga sheria tuliyoitaja. Sisi twashika kauli ya masharti, na twamwomba ndugu yetu ayapime masharti hayo kwa moyo wake mwenyewe, maana wa nje hawezi kuyapima. Kanzu iliyokuwa Sh. 25,000 mwezi wa Shaabani, ikiwa ni Sh. 27,000 katika kumi la mwisho, basi zile Sh. 2,000 ni nini? Ni tikiti. Na mbuzi ametoka katika mifuko ya wateja, nasi tumerudi kule kule kwa baiskeli.

Halafu aende Bodi akaulize kabla hajachapisha namba hata moja. Ametuambia, na maneno yake yametugusa, kuwa anaona haya Mwislamu kwenda kuomba ruhusa katika ofisi ya michezo ya kubahatisha kwa ajili ya mbuzi wa Idd. Haya yake ni ya imani, lakini haina mahali pake hapa. Serikali imetia katika kapu moja kila jambo lenye kura, la halali na la haramu, ili ilisimamie; jina la ofisi halibadili hukumu ya kitendo. Kwa upande wa pili, ajue vile vile kuwa karatasi ya Bodi haihalalishi kitu. Zipo bahati nasibu zenye leseni kamili, zinazotangazwa mchana na usiku, zinazolipa kodi, nazo mbele ya Serikali hazina kosa lolote. Na mbele ya dini yetu ni kamari. Leseni si fatwa, wala fatwa si leseni. Mwislamu mwenye duka anazihitaji zote mbili.

Akishapata ruhusa, ipo kazi ya uaminifu. Ahadi ya zawadi iliyotangazwa ni ahadi kama nyingine. Katika Suratu Yusuf, watumishi wa mfalme walipotangaza kuwa atakayeleta kikombe kilichopotea atapewa shehena ya ngamia, mtangazaji alisema kuwa yeye mwenyewe ni mdhamini wa hilo. Wanazuoni wameitumia aya hiyo katika mlango wa ujira wa ahadi, yaani malipo anayoahidiwa yeyote atakayetimiza jambo fulani. Kwa hiyo mbuzi awe amenunuliwa tangu siku ya kwanza, afungwe mbele ya duka watu wamwone, na awe yule yule, si kwamba tangazo lina beberu na siku ya kura anatolewa mwana-mbuzi. Siku na saa ya kura iandikwe ukutani. Vijana wa dukani, mke wa mwenye duka na shemeji zake wasiingie katika kura, hata wakiwa wamenunua. Mkono wa kutoa namba uwe wa mtu asiye na maslahi. Ikiwa mshindi hakuhudhuria, itangazwe mapema atangojewa siku ngapi. Mambo haya yote Sheria ya Ushindani, nayo ya mwaka 2003, imeyagusa kwa ujumla pale ilipokataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi. Lakini hata isingeliyagusa, mtu wa dini anayajua.

Pengine msomaji atasema kuwa twamtisha mtu kwa ajili ya mbuzi mmoja. Basi asikie yaliyotokea Ufilipino mwaka 1992. Kampuni ya Pepsi ilichapisha namba ndani ya vifuniko vya soda, na kila jioni namba ya ushindi ikitangazwa katika televisheni. Zawadi kubwa ilikuwa peso 1,000,000, mali ya kumtoa maskini katika umaskini wake milele. Tarehe 25 Mei ikatangazwa namba 349. Namba hiyo ilikusudiwa kuwa ya ushindi katika vifuniko 2 tu. Lakini kwa kosa la hesabu ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika vifuniko mamia ya maelfu. Watu waliokuwa na dhiki walikesha wakishukuru, na asubuhi wakaambiwa kuwa vifuniko vyao si vyenyewe, havina alama ya siri inayotakiwa. Kampuni ikawapa peso 500 waliokubali. Wengine hawakukubali: magari ya kampuni yakachomwa, mabomu ya mkono yakatupwa, na watu wakapoteza roho zao. Kesi zake zilikwenda hata Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, nayo mwaka 2006 ikaona kuwa kampuni haiwiwi na wenye vifuniko. Roho zilizopotea hazikurudi kwa hukumu hiyo.

Na kule Marekani, katika mchezo wa zawadi wa mikahawa ya McDonald's, mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi. Jerome Jacobson alikuwa ndiye mkuu wa usalama aliyekabidhiwa vipande vya ushindi avipeleke viwandani. Alifuatana na mkaguzi, na bahasha zilikuwa na mihuri. Lakini akiingia msalani peke yake huifungua bahasha, huvitoa vya ushindi na kutia vingine, kisha hutia mhuri mpya. Tangu mwaka 1989 mpaka alipokamatwa mwaka 2001, vipande vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni 20 vilikwenda kwa jamaa na marafiki waliomgawia fungu lake. Mamilioni ya watu walikuwa wakila chakula kile wakitumai, na zawadi kubwa nyingi zilikuwa na wenyewe tangu zamani. Kwa hiyo twamwambia mwenye duka wa Sogea asione vibaya akiombwa sanduku la namba likae msikitini na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Kuombwa hivyo si kutuhumiwa.

Mji wetu wa Tunduma una jambo lake la pekee. Hatua chache tu zatutenga na nchi nyingine yenye fedha yake, redio zake na sheria zake. Soda iliyonunuliwa Nakonde huletwa hapa, na chini ya kifuniko mna ahadi ya zawadi. Mtoto hufurahi, hubandua, huandika namba katika simu ya baba yake, na simu haiitiki. Aghalabu mashindano ya zawadi huwa ni kwa wakaazi wa nchi ile yanakotangazwa, na maandishi yasemayo hivyo huwa madogo kuliko picha ya gari. Atakayeshinda kwa kifuniko cha Zambia akafuate zawadi yake kwa sheria ya Zambia. Bodi yetu haina mkono huko. Wenye maduka yanayouza kwa watu wa pande zote mbili, na kwa madereva wa malori wanaopita kwenda Lusaka na Lubumbashi, waandike wazi zawadi ni ya nani na itachukuliwa wapi. Dereva aliyenunua shuka hapa Jumatatu, Idd itamkuta Kongo.

Ama mashindano ya simu, twasema kwa ufupi kwa kuwa tumekwisha kuweka kipimo. Lile Baraza la Fikihi lilitaja waziwazi kuwa fedha anayolipa mtu kwa simu ili aingie shindanoni haifai, ikiwa fedha hiyo au sehemu yake inaingia katika zawadi. Basi mzazi atazame: ujumbe wa kawaida ni shilingi ngapi, na ujumbe wa shindano ni shilingi ngapi? Ikiwa ni bei moja, na zawadi ni ya kampuni, hilo jepesi. Ikiwa ujumbe wa shindano wakata Sh. 500 pale ambapo wa kawaida haukati hata Sh. 100, ziada hiyo ndiyo dau. Na bahati nasibu zilizoanza kuenea katika simu tangu mwaka 2017, ambazo mtu hutuma Sh. 500 au Sh. 1,000 na kungoja namba, hizo hazihitaji kipimo. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hata sheria ya nchi haimruhusu kucheza. Na akitumia simu ya mama yake, jina linaloandikwa ni la mama.

Na ule ujumbe umwambiao mtu kuwa ameshinda mamilioni, ila atume kwanza Sh. 30,000 za "usajili" au za "kodi", huo si shindano wala si kamari, ni wizi. Hukuingia kura yoyote, umeshindaje? Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli. Upelekwe huko, kisha ufutwe, wala mtu asimjibu mwizi hata kwa kumtukana.

Ndugu yetu wa Sogea ametuuliza mwisho wa barua yake, ikiwa Bodi itachelewa kumjibu na Idd ikafika, amfanye nini mbuzi wake. Amchinje, na nyama awagawie wateja wake na majirani pasina namba wala kura. Na kamati ya Mbozi, ikiwa itakubali shindano la Qur'ani, ituletee tarehe kabla ya mwisho wa mwezi huu tupate kuitangaza katika ukurasa huu. Sisi twaandikisha bati 2 tangu leo.